Deni la uzamili la mdogo wetu aliye Marekani, na fedha tulizopokea Bukavu

#1 Yaya_wa_Nyawera (Bukavu)

Jambo kwenu nyote. Ninaandika kutoka Bukavu, ambako kwa miaka 11 nilikuwa afisa wa mikopo katika koperative moja ya akiba. Kazi yangu ilikuwa kupanda mtaa wa Kadutu asubuhi, kuketi na mama anayeuza vitenge au samaki, kuhesabu naye kinachoingia na kinachotoka, kisha kuamua kama nyumba yake inaweza kubeba deni la dola 300. Nilidhani nayafahamu madeni. Hata hivyo, katika familia yangu mwenyewe nilikula mkopo wa mtu mwingine kwa karibu miaka miwili bila kujua kwamba ni mkopo, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Mdogo wangu aliondoka hapa mwaka 2015, baada ya kushinda bahati nasibu ya viza ya Marekani. Alifanya kazi ya usiku kwenye maghala, akamaliza shahada ya kwanza, na Agosti 2023 akaanza uzamili wa kazi za jamii, masomo ya miaka miwili. Nyumbani tulitoa misa ya shukrani. Kuanzia mwezi wa kumi mwaka huo alikuwa akitutumia dola 200 kila mwezi, nasi tukasema mtoto ameanza kuvuna. Kwa fedha hizo tulilipa minervali, yaani ada ya shule, ya watoto wawili wa dada yetu, tukabadilisha mabati ya nyumba ya Mama kule Bagira, tukachangia harusi mbili. Ilikuwa miezi 20, yaani dola 4,000.

Alipomaliza masomo, mwezi wa tano mwaka 2025, nilimuuliza kwa simu kama sasa ataweza kuongeza kidogo kwa ajili ya dawa za Mama. Alinyamaza, kisha akaniambia (Yaya kwetu ni dada mkubwa): «Yaya, ile haikuwa mshahara. Ilikuwa deni.»

Hapo ndipo aliponieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Chuo hupokea mkopo kutoka serikali kuu ya Marekani, hukata karo yake, na kinachobaki humpa mwanafunzi ili alipe pango, chakula na usafiri. Alikuwa akijinyima katika baki hilo ili litoshe kwake na kwetu. Mkaaji wa kudumu anastahili mikopo hiyo sawa na raia, lakini kwa wanaosoma uzamili, na kwa wanaosomea taaluma kama sheria au udaktari, kuna jambo ambalo familia nyingi za kwetu hatulijui: tangu Julai 2012 serikali haiwalipii tena riba wakati wanaposoma. Riba huanza kutembea tangu fedha inapotolewa. Mwaka wa kwanza alikopa dola 20,500, ambazo ndizo kikomo cha mwaka kwa mkopo wa aina yake, kwa riba ya 7.05%. Mwaka wa pili alikopa dola 20,500 nyingine kwa riba ya 8.08%, kwa maana kiwango hupangwa upya kila Julai kwa mikopo mipya, na kikishapangwa hakibadiliki hadi mkopo huo umalizike. Kabla fedha haijamfikia hukatwa pia ada ya zaidi kidogo ya 1%, ilhali riba huhesabiwa juu ya kiasi chote.

Nilichukua kalamu kama nilivyozoea kazini. Mkopo wa kwanza peke yake ulikuwa ukizaa karibu dola 4 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kufikia Novemba, ilipokwisha ile miezi 6 ambayo mhitimu hupewa kabla ya kuanza kulipa, riba ya mikopo yote miwili ilikuwa imepita dola 4,500, na alikuwa bado hajapunguza hata senti moja ya deni lenyewe. Kisha nikahesabu sehemu yetu sisi: dola 4,000 zilizokopwa kwa riba ya takriban 8% na kurudishwa kwa miaka 10 huwa karibu dola 5,800, bila kuingiza riba ya kipindi cha masomo. Mabati ya Mama yatakuwa yanalipiwa hadi mwaka 2035.

Kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba mkopaji anaruhusiwa kurudisha sehemu asiyoihitaji ndani ya siku 120 tangu ilipotolewa, na sehemu hiyo haitozwi riba wala ada. Kila muhula mdogo wangu alikuwa na mlango huo wazi mbele yake, na aliujua. Hakuupita kwa sababu sisi huku tulikuwa tunangoja.

Ninaziomba familia zenye mtoto anayesoma uzamili au taaluma ng'ambo zimuulize swali moja kabla ya kupokea: fedha hii umeifanyia kazi, au umeikopa? Na yeye ajibu bila kuogopa kwamba tutamwona ameshindwa.

#2 Daktari_Himbi (Goma)

Yaya, nimekusoma kwa heshima, lakini siwezi kuyakubali yote. Mimi ni daktari hapa Goma, niko katika masomo ya ubingwa. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, mabenki yalifunga milango, na mshahara uliokuwa kwenye akaunti ukageuka kuwa tarakimu ambazo hazinunui kitu. Nyumbani tulikuwa watu 11, kwa kuwa shangazi na watoto wake walikuwa wamekimbia kutoka Sake. Binamu yangu anayesomea udaktari wa meno Marekani alituma dola 150, tukazipokelea Gisenyi, upande wa Rwanda, tukanunua unga, maharage na maji ya kunywa. Sikumuuliza zimetoka wapi. Hata angeniambia kwamba amezikopa kwa riba ya 9%, ningezipokea.

Unasema tuulize swali kabla ya kupokea. Kuna siku ambazo swali hilo halina nafasi.

Naomba pia tusisahau kwamba sisi tuliobaki nyumbani nasi tunasoma kwa deni, ila deni letu halina karatasi. Kenya wana bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, tangu mwaka 1995. Tanzania bodi yao ya mikopo, HESLB, ilianza kazi mwaka 2005, na mhitimu mwenye ajira hukatwa 15% ya mshahara wake hadi amalize. Huku kwetu, ubingwa wangu nimeulipia kwa ng'ombe wawili wa baba kutoka Masisi, kwa likelemba (mchango wa kupokezana) ya wauguzi wa zamu yetu na kwa mkopo wa kikundi cha akiba cha mke wangu. Hakuna anayeniandikia riba, lakini nitakapomaliza, wadogo zangu wanne watanitazama mimi kwa ajili ya masomo yao, na deni hilo halina mwaka wa kuisha.

#3 Yaya_wa_Nyawera

Docta, pole kwa mliyoyapitia. Umenisahihisha, na ninapokea. Februari ya mwaka ule ule nasi tulivuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda, kutafuta pa kutolea fedha, na ninajua dola 150 ni nini siku ambayo kila duka limefungwa. Kuokoa roho hakungoji hesabu. Ninachokisema kinahusu ile miezi 19 mingine, ambayo hapakuwa na hatari, palikuwa na harusi na mabati.

Hata hivyo niruhusu niseme jambo kuhusu binamu yako, kwa sababu yeye yuko katika hali nzito kuliko ya mdogo wangu. Masomo ya udaktari wa meno huko ni ghali mno, na wengi walikuwa wakiziba pengo kwa mkopo wa pili wa serikali, uitwao Grad PLUS, ulioanza mwaka 2006 na ambao uliweza kufikia gharama yote iliyotajwa na chuo. Riba yake kwa mwaka wa masomo 2024-25 ilikuwa 9.08%, na ada ya kuutoa ni zaidi ya 4%. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaufunga mkopo huo kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Aliyekwisha kukopa kwa ajili ya masomo anayoyaendelea nayo anaachiwa muda wa kumalizia, usiozidi miaka mitatu. Wanaoanza baada ya hapo watakuwa na kikomo: kwa uzamili na uzamivu dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, kwa taaluma kama udaktari, meno, famasia na sheria, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla.

Maana yake kwetu ni kwamba baki la mkopo, ambalo wengi wamekuwa wakituma nyumbani bila kutuambia, litakuwa dogo sana au halitakuwepo kabisa. Anayeanza masomo sasa na bado anatuma dola 200 kila mwezi huenda anazitoa kwenye mkopo wa benki binafsi au kadi ya mkopo, na huko hakuna huruma yoyote ya sheria. Kwa hiyo swali langu linazidi kuwa la lazima, Docta, ingawa ninakubali kwamba si kila siku ni siku ya kuliuliza.

#4 Mwana_wa_Uvira (Louisville)

Dada Yaya, ninaandika kutoka upande wa pili. Nilifika Kentucky kama mkimbizi, baada ya miaka mingi ya kambi Tanzania, na nikasoma uzamili wa uhasibu kwa mkopo wa serikali. Nilisoma uhasibu, na bado nilianguka katika deni langu mwenyewe. Ninalisema hili ili vijana wasidhani kwamba kujua hesabu kunatosha.

Nilipomaliza sikupata kazi niliyoitarajia. Nilihama nyumba mara mbili katika mwaka mmoja, na barua za deni zilikuwa zikienda kwenye anwani ya zamani. Sikupiga simu kuuliza, kwa sababu niliona aibu na kwa sababu nilikuwa nikituma fedha Uvira kila mwezi, nikijiambia kwamba serikali ya Marekani inaweza kungoja lakini mama hawezi. Serikali haikuwa na haja ya kuniuliza. Siku 90 bila malipo, jina langu likaripotiwa kwa wale wanaotunza historia za wakopaji, nami nikashindwa kupanga nyumba nzuri. Siku 270, mkopo wote ukahesabiwa kuwa umevunjwa. Baadaye wakaanza kukata moja kwa moja kwenye mshahara, na sheria inawaruhusu kuchukua hadi 15% ya mshahara baada ya makato ya lazima, bila kwenda mahakamani kwanza. Rejesho langu la kodi, ambalo nilikuwa nimemwahidi kaka kwa ajili ya matanga ya baba, nalo lilichukuliwa.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwangu ilitimia neno kwa neno.

Nilitoka kwa njia ambayo ipo na ambayo kila mtu anapaswa kuijua: nilikubaliana nao malipo madogo kulingana na kipato changu, nikalipa mara 9 kwa wakati ndani ya miezi 10, na alama ya kuvunja mkopo ikaondolewa. Jambo linalonikera hadi leo ni kwamba muda ule wote ambao sikulipa, ningeweza kuomba mpango unaofuata kipato, na kwa kipato changu cha wakati ule ningetakiwa kulipa dola sifuri kwa mwezi, kihalali, bila kuvunja chochote. Kunyamaza ndiko kulikonigharimu.

Na mtu asiwalipe wale wanaopiga simu wakidai kwamba watakufutia deni kwa dola mia kadhaa. Fomu zote ni bure kwenye tovuti ya serikali, studentaid.gov. Katika kanisa letu hapa watu wanne wamelipa wadanganyifu wa aina hiyo.

#5 Yaya_wa_Nyawera

Kaka wa Uvira, asante. Umenipa ujasiri wa kuandika tulichofanya, ili wengine wapime kama kinawafaa.

Kwanza nilimwomba mdogo wangu anitumie karatasi zote: aina ya kila mkopo, tarehe, riba, na jina la kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya serikali. Ilimchukua wiki tatu kukubali. Ninaelewa; hata mama wa Kadutu alikuwa akinificha deni la jirani hadi ziara ya pili. Lakini deni lisilowekwa mezani haliwezi kupangwa.

Kwa mpango wa kawaida wa miaka 10, dola zake 41,000 zinadai karibu dola 490 kila mwezi. Amepata kazi katika shirika lisilo la faida linalowapokea wakimbizi, mshahara dola 52,000 kwa mwaka, na pango la mji wake linakula karibu theluthi ya kinachobaki baada ya kodi. Kwa mwendo huo asingefika Machi. Tukatazama mpango unaofuata kipato, ule ambao kwa waliokopa mara ya kwanza baada ya katikati ya mwaka 2014 hudai 10% ya kipato kinachozidi mara moja na nusu ya mstari wa umaskini. Mstari huo kwa mtu mmoja mwaka 2025 ulikuwa dola 15,650. Ukitoa dola 23,475 kwenye 52,000, ukachukua sehemu ya kumi ya kinachobaki na kuigawa kwa miezi 12, unapata karibu dola 238. Ni nusu ya ile ya kwanza.

Hapa kuna jambo lililomshtua Mama. Mstari wa umaskini hupanda kadiri watu wa kaya wanavyoongezeka. Mwenye mke na watoto wawili, kwa mshahara ule ule, angelipa dola 31 hivi. Mama akasema: «Basi awaandike wote, sisi hapa ni tisa.» Ilibidi nimweleze kwamba wazazi na ndugu huhesabiwa tu ikiwa wanaishi naye chini ya paa moja na yeye ndiye anayebeba zaidi ya nusu ya matunzo yao. Watu tisa wa Bagira, ambao moyoni mwake ndio kaya yake, kwenye fomu hawapo. Nadhani hakuna sentensi katika karatasi zile inayoonyesha wazi zaidi jinsi ambavyo mkopo huo haukutungwa kwa ajili ya mtu wa kwetu, na kwa sababu hiyo ni sisi tunaopaswa kumhesabia yale ambayo fomu haiyahesabu.

Kisha kuna msamaha wa wafanyakazi wa umma, uliowekwa na sheria ya mwaka 2007. Anayefanya kazi muda wote katika serikali, au katika shirika lisilo la faida linalotambuliwa, akilipa mara 120 chini ya mpango unaostahili, husamehewa deni la serikali linalobaki. Miaka 10, na malipo si lazima yafuatane. Shirika la mdogo wangu linastahili. Tulichokubaliana ni kwamba kila mwaka ampelekee mwajiri ile fomu ya kuthibitisha ajira, na kila anapobadilisha kazi, asingoje mwaka wa kumi ndipo aanze kutafuta saini za watu waliokwisha kuhama.

Kuanzia Julai 2026 kuna pia mpango mpya, RAP, ambao hautazami mstari wa umaskini. Huchukua kati ya 1% na 10% ya kipato chote kinachohesabiwa kwa kodi, kulingana na ngazi, hupunguza dola 50 kwa mwezi kwa kila mtoto anayemtegemea mkopaji, na riba ambayo rejesho la mwezi halikuifikia haiongezwi kwenye deni. Msamaha wake wa kawaida huja baada ya miaka 30, muda mrefu mno kwa maoni yangu, ingawa kwa mwenye msamaha wa kazi za umma inabaki miaka 10. Kwa kipato cha 52,000 kiwango ni 5%, sawa na dola 217 hivi kwa mwezi. Tazameni lakini jinsi ngazi zinavyofanya kazi: akiweka dola 3,000 katika akiba ya uzeeni kabla ya kodi, kipato kinachohesabiwa kinashuka hadi 49,000, anaingia ngazi ya 4%, na malipo yanakuwa dola 163. Ameweka akiba yake mwenyewe na rejesho limepungua. Kwa anayekopa mkopo mpya baada ya tarehe hiyo, chaguo ni RAP au malipo ya kiwango kisichobadilika, basi; aliyekopa zamani na hakopi tena anaweza kubaki na ule mpango wa 10%. Nimemshauri mdogo wangu asikope tena hata dola moja, ili chaguo hilo lisimponyoke.

#6 Baba_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nawasalimu nyote kutoka Lubumbashi. Mimi ni mfanyabiashara wa unga wa mahindi, ninavuka mpaka wa Kasumbalesa mara mbili kwa mwezi. Binti yangu amepata nafasi ya uzamili wa afya ya jamii katika chuo kimoja cha Marekani, kwa viza ya mwanafunzi. Karo na maisha kwa mwaka mmoja inazidi dola 50,000. Nina kiwanja katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambacho ninaweza kukiuza, lakini hakitafika hata nusu. Shemeji yangu aliye Arizona yuko tayari kutia saini kama mdhamini kwenye mkopo wa benki ya huko. Mniambie bila kunificha: nifanye nini? Binti ana akili, na sitaki aseme kesho kwamba baba alikuwa na kiwanja na hakukitoa.

#7 Mwana_wa_Uvira

Mzee, shikamoo. Mikopo ya serikali tuliyoizungumzia haimhusu mwenye viza ya mwanafunzi. Huo mnaoufikiria ni mkopo wa kampuni binafsi: hauna mpango wa kufuata kipato, hauna msamaha wa kazi za umma, na riba yake mara nyingi hupanda na kushuka. Shemeji akitia saini, deni ni lake kama lilivyo la binti. Asipolipa binti, watamfuata yeye siku ile ile, na jina lake ndilo litakalochafuka. Nimeona ndugu wawili wa tumbo moja hapa Louisville wasiosalimiana kwa ajili ya saini ya namna hiyo.

Kuna jambo la pili. Binti akimaliza masomo hana haki ya kufanya kazi huko kwa muda anaoutaka. Ana mwaka mmoja wa kazi ya mafunzo, na wa masomo ya sayansi fulani huongezewa miaka miwili. Asipopata mwajiri wa kumbakiza, atarudi Lubumbashi kulipa deni la dola kwa mshahara wa franka.

#8 Yaya_wa_Nyawera

Baba, ningekuwa bado kazini na ungeniletea faili hili, nisingelitia saini, na ningekueleza sababu nikiwa nimeketi nawe, kwa kuwa najua nyuma yake kuna upendo. Kanuni niliyoitumia kwa mama wa samaki ndiyo hii hapa pia: deni lote la masomo lisizidi mshahara ambao mhitimu wa fani hiyo anaweza kuutegemea katika mwaka wake wa kwanza, na mshahara huo uhesabiwe mahali ambapo hakika ataruhusiwa kufanya kazi. Kwa binti yako, mahali pa hakika ni Kongo.

Usikiuze kiwanja mwaka huu. Mwandikie binti aombe chuo kiahirishe nafasi yake, jambo ambalo vyuo vingi hukubali, na mwaka huo autumie kuomba ufadhili. Kuna Fulbright kwa Marekani. Kuna Chevening ya Uingereza, ambayo huwapokea Wakongo na hulipia uzamili wa mwaka mmoja kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi saa 2,800. Kuna ufadhili wa ARES na wa VLIR-UOS nchini Ubelgiji, ambako nchi yetu imo katika orodha na ambako afya ya jamii ni fani wanayoijali. Ikiwa moyo wake uko katika utafiti, atazame uzamivu moja kwa moja: Marekani vyuo vingi humsamehe karo mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi na kumlipa posho kwa kufundisha au kusaidia maabara, wakati uzamili mara nyingi hulipwa na mwanafunzi mwenyewe. Watu wetu huona uzamili ni mdogo kwa hiyo ni rahisi, na kwa mfuko mara nyingi ni kinyume chake.

Kiwanja kikibaki, kinaweza kumlipia tiketi, viza na miezi ya kwanza atakapopata ufadhili. Hapo hutakuwa umekiacha. Utakuwa umekitoa mahali kinapofaa.

#9 Daktari_Himbi

Nimerudi kusema kwamba jana nilimpigia binamu. Nilimuuliza lile swali la Yaya. Alicheka kwanza, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu. Zile dola 150 zilikuwa za mkopo, na siyo zile tu. Tumekubaliana kwamba hadi atakapoanza kufanya kazi atatuma pale tu ninapomwita mimi mwenyewe, kwa ugonjwa au kwa hatari, na kwamba mimi ndiye nitakayewajibu shangazi na wengine. Nimechukua mzigo huo juu yangu kwa sababu yeye hawezi kumkatalia shangazi, lakini mimi ninaweza.

Nina swali moja ambalo shangazi huyo huyo ameniuliza, nami sikuwa na jibu. Binamu akifa kabla ya kumaliza, wazungu watakuja kudai kwetu?

#10 Yaya_wa_Nyawera

Docta, Mama aliniuliza hivyo hivyo, usiku, baada ya wote kulala. Kwetu kwenye matanga mzee husimama akauliza nani alikuwa anamdai marehemu, na familia hujibu. Alikuwa anajiandaa kujibu dola 41,000.

Mkopo wa serikali kuu hufutwa mkopaji anapofariki, familia ikipeleka cheti cha kifo kwa kampuni inayopokea malipo. Haudaiwi kwa mama, wala kwa mke, wala kwenye nyumba ya Bagira. Mkopo wa kampuni binafsi hufuata mkataba wake, na penye mdhamini ni lazima kusoma kipengele hicho kabla ya saini; Baba wa Katuba na shemeji yake walitazame hilo pia. Binamu yako awaulize chuoni mikopo yake ipi ni ya serikali na ipi siyo, na akuandikie jibu.

Mama nilimsomea mara mbili. Kisha akaniuliza kama zile dola 200 za mwezi huu zimekwisha kuja, nikamwambia hazitakuja hadi mwezi wa tatu, na zitakuwa 80, za mshahara. Akasema sawa, mwambie ale.